Miezi Mitatu ya Bibi

Ijumaa ya pili ya mwezi wa pili mwaka huu, saa nne asubuhi, Bibi alifariki nyumbani kwa mama mdogo, Kenmore, juu kidogo ya Buffalo. Theluji ilikuwa imepanda hadi kwenye vioo vya madirisha. Mimi nilimpoteza mtu aliyenilea tangu nikiwa na miaka miwili. Kanisa letu lilimpoteza mtu aliyeoka mkate wa meza ya Bwana kwa mikono yake, kwanza kwenye kambi yetu ya wakimbizi Tanzania, kisha Louisville.

Hayo mtu anaweza kuyapokea. Bibi alikuwa mzee, mafigo yalikuwa yamechoka, na kwetu kifo si mgeni. Jambo ambalo hadi leo linanisimamisha katikati ya kazi, nikiwa na boksi mkononi, ni lingine. Siku kumi na mbili kabla hajafa niligundua kwamba kwa miaka ishirini na saba Bibi hakuwahi kuula ule mkate. Hata kipande. Hata siku moja. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja, niliyemchekechea unga, sikujua.

Niliporudi Louisville kutoka mazishini nilipita Beechmont, kwenye zile apatimenti tulizokaa tulipofika Marekani. Sikuwa na shughuli pale. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikatazama dirisha la jiko letu la zamani, ghorofa ya pili. Wapo watu wengine sasa, wameweka pazia la njano. Nikasikia harufu ya unga unaoungua kidogo kwenye kikaango kikavu, nikajua haitoki dirishani. Inatoka kichwani mwangu.

Basi kaa nami kidogo nikusimulie Jumamosi zetu.

Tulifika Louisville nikiwa na miaka tisa. Tulikuwa watatu: Bibi, mama mdogo na mimi. Mama yangu aliyenizaa alikufa kambini kwa malaria, na sura yake naijua kwa picha moja tu. Mama mdogo aliolewa mapema akahamia Buffalo, tukabaki wawili. Siku za kazi Bibi alikunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, akirudi mikono imekauka kama maganda ya vitunguu. Lakini Jumamosi iliyotangulia Jumapili ya kwanza ya mwezi haikuwa ya mashuka. Ilikuwa ya mkate.

Mwezi wetu wa kwanza tulikosea vibaya. Bibi alinituma dukani pamoja na jirani, nichague unga wa ngano. Nilikuwa sijui kusoma Kiingereza, nikachagua mfuko wenye picha nzuri kuliko yote. Hatukujua kwamba huku wanauza unga ambao tayari umetiwa hamira. Bibi alikanda, akasukuma, akaweka kwenye kikaango, na mkate wa Bwana, ambao hautakiwi kuwa na chachu hata chembe, ukaanza kuvimba mbele ya macho yetu kama andazi. Bibi alirudi nyuma akashika kifua. Alidhani ni ishara. Akazima jiko, akaomba, akawasha tena, ukavimba tena. Jirani alipokuja kuona akacheka hadi akakaa sakafuni.

Jirani huyo alikuwa mama shemasi wa kanisa letu, Mkongo wa milima ya Kivu ya Kusini, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa. "Bon, mama," alisema akipangusa machozi, "Amerika hata mukate wa Yesu iko nanenepa!"

Mikate ile tuliila kwa chai siku tatu. Namkumbuka Bibi akiila kwa furaha kabisa, akitia vipande kikombeni, akisema ni mitamu. Ilikuwa imeharibika, haikuwa ya mezani tena, kwa hiyo aliweza kuila. Nilikuwa sijui hesabu hiyo.

Baada ya hapo tuliujua unga wetu. Kazi yangu ilikuwa kuchekecha, kunawa mikono mara tatu na kunyamaza. Yeye alikanda kwa maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo, akasukuma mpaka unga ukawa mwembamba kama kitambaa, akauchoma matundu kwa uma ili usivimbe. Kikaango kilikuwa kikavu. Harufu yake si tamu kama ya chapati. Ni harufu kavu, ya nafaka tupu, kama ya ghala baada ya mavuno. Hakuonja. "Mkate wa Bwana hauonjwi jikoni," alisema kila mwezi, na mimi nilidhani ni kanuni ya wapishi wote wa mezani.

Divai ilikuwa rahisi zaidi, maji ya zabibu ya chupa kutoka dukani. Bibi aliyaona hayana heshima. Kambini alichemsha rozela, yale maua mekundu yanayokaushwa juani, akayachuja kwa kitambaa mara mbili, na watu walisema kikombe cha kambi yetu kilikuwa chekundu kuliko cha kambi zote. Alipokuwa akimimina ya chupa alikunja uso. "Hii haijamwumiza mtu mkono," alisema. "Lakini Mungu atapokea."

Siku moja nilimwuliza kama ni kweli ule mkate ni mwili. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Darasa la ubatizo lilikuwa limeanza na mwalimu alikuwa ameeleza mengi, nami nikatoka na maneno bila maana. Bibi aliendelea kukanda.

"Mimi sijui inakuwaje," alisema. "Sikusoma. Najua hapa ninakanda unga. Kesho mchungaji akishasema maneno, si unga wangu tena. Ni Bwana mwenyewe anasema: wewe, sogea, kula na mimi. Kikombe ni damu, maana yake hasemi kwa mdomo tu, ametoa uhai. Anayekula amesamehewa na amekaa nyumbani. Hiyo ndiyo meza. Mengine ni ya wasomi."

Nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile. Sijasikia yaliyoniingia kuliko hayo, na yalisemwa na mtu ambaye hakuwa anaruhusiwa kula.

Jumapili tulipanda basi la mji. Alipakata sinia lililofunikwa kitambaa cheupe alichokidarizi pembeni, wala hakuliweka kwenye kiti hata basi likiwa tupu. Dereva mmoja alizoea, akawa anamsubiri akae kabla hajaondoa gari. Kanisa tulikuwa tunaazimwa na Wamarekani. Wao waliabudu asubuhi, sisi saa nane mchana, na chini kulikuwa na jiko na chumba cha watoto.

Mama shemasi alikuwa anakuja mlangoni. "Mama, mukate iko wapi? Batu bamesha fika." Bibi alimkabidhi sinia, akasimama na kuimba nasi, akapiga makofi, akasikiliza neno. Ilipofika zamu ya meza aliinuka taratibu akashuka chini. Kila mara. Kulikuwa na vikombe vya kuosha, kulikuwa na watoto wa kuangaliwa. Hakuna aliyeshangaa. Mpishi akienda jikoni nani atamwuliza anakwenda wapi?

Nilipobatizwa, nikala meza mara ya kwanza, niligeuka nimtafute anione. Kiti chake kilikuwa kitupu. Nilikasirika. Ibada ilipoisha alipanda ngazi akiwa na aproni iliyolowa, macho mekundu, nikadhani ni sabuni. Aliniuliza, "Mkate ulikuwaje?"

"Ulikuwa mzuri."

"Mzuri vipi? Ulipoutia mdomoni ulisikiaje?"

"Bibi, ni mkate tu. Hauna ladha."

Alivua aproni, akasema, "Haya." Lakini mwezi uliofuata aliuliza tena, na uliofuata, na miaka yote hadi nikawa mtu mzima. Leo mkate ulikuwaje? Nilimjibu kama mtu anavyomjibu mpishi: ulikuwa laini, uliungua kidogo, ulitosha watu wote. Nikawa hata namtania kwamba anataka kusifiwa.

Mara moja tu nilimwona akinigeuka. Jumamosi moja nilikuwa na njaa, yeye akiwa chooni, nikachukua kipande kwenye sinia nikala. Aliporudi akaona pengo. Mama shemasi alikuwepo, akasema, "Ee! Huyu mutoto anakula Bwana mbele Bwana hajafika!" na akacheka. Bibi hakucheka. Alinishika mabega, akasema, "Usichezee kitu hiki. Kuna watu wanakitamani." Kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Nilidhani nimemkosea Mungu. Nililia hadi nikalala.

Miaka ilipita. Nilimaliza shule kwa shida, nikaingia ghala moja Jeffersontown, kazi ya kupanga mizigo kwa zamu. Miaka mitatu iliyopita Bibi alianza kuanguka, na mimi sikuweza kumwacha peke yake nikiwa zamu, kwa hiyo mama mdogo alimchukua Buffalo. Kule yeye hutunza wazee majumbani. Alijua kazi hiyo. Mkate ukaokwa na wengine. Sasa wananunua uliokatwa tayari, vipande vidogo vyeupe ndani ya pakiti.

Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka huu, wakati wa chakula cha mchana kazini, simu ikalia. Mama mdogo.

"Bibi yako amekataa meza."

"Amekataa vipi? Hana nguvu?"

"Nguvu anazo. Asubuhi amekunywa uji, akaniambia nimepika kama mtu aliyeachika. Mchungaji wa hapa amemletea mkate na kikombe kitandani, naye akageukia ukuta. Anasema amefungiwa."

"Amefungiwa na nani?"

Akasema polepole, "Wewe hujui?"

Labda wewe unayesoma hukukulia kwenye makanisa yetu. Kwetu mtu akikosa, wazee humfungia meza. Anaendelea kuja kanisani, anaimba, lakini mkate na kikombe vinampita. Muda ukiisha anasimama mbele ya watu, anatubu, mchungaji anamfungua, anakula. Aliyefunga ndiye anayefungua.

"Alifanya nini?" niliuliza.

"Yeye hakufanya kitu. Ni dada. Alipata mimba hajaolewa. Wazee wakamwambia mama amtoe nyumbani mpaka atubu mbele ya kanisa. Mama akasema hamtoi mtoto nje masika. Wakamfungia yeye, kwa kumficha mwenye dhambi. Miezi mitatu."

Mimba ya dada ilikuwa mimi.

Mama mdogo aliendelea, nami nilisikia kwa mbali. Mwezi wa pili wa ile mitatu haujaisha, mchungaji alihamishiwa kambi nyingine. Aliyekuja baada yake hakuambiwa kitu. Bibi alisubiri aitwe. Hakuitwa. Mama yangu hakuwahi kusimama mbele ya kanisa, alikufa kabla. Mama mdogo mwenyewe alikuwa msichana mdogo wakati huo, na alidhani jambo lile lilikwisha zamani.

Nilikaa chini juu ya mbao za kubebea mizigo. Msimamizi akaja akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana, nikarudi kwenye mstari. Mchana ule nilibandika lebo za Texas kwenye mizigo ya Ohio mpaka mwenzangu akanishika mkono.

Leo mkate ulikuwaje? Mara ngapi aliniuliza? Alikuwa hanisikilizi kama mpishi. Alikuwa mtu mwenye njaa anayemwuliza aliyetoka mezani. Nami nilimjibu kwamba hauna ladha.

Jioni nilimpigia. Mama mdogo alimwekea simu sikioni.

"Bibi, huku hapakuwa na mtu aliyejua. Kwa nini hukula tu?"

"Unafikiri Mungu tulimwacha Tanzania?"

"Basi ungemwambia mchungaji wa Louisville akufungue."

"Yeye alinifunga? Hakunifunga. Angefungua nini?"

"Na mimi? Kwa nini hukuniambia?"

Nilisikia pumzi yake, fupi fupi. "Nikuambie nini, mwanangu? Kwamba ni kwa ajili yako? Ungeacha kula na wewe. Tungekuwa wawili chini kule tukiosha vikombe." Kisha akacheka kidogo, akakohoa.

Nikamwuliza, "Akija aliyekufunga, utakula?"

"Akija," alisema, "nitakula." Akaongeza, "Mwambie asichelewe."

Sisi watu wa kambi hatupotezani. Nilipiga simu nne, na aliyepokea ya nne alikuwa na namba ya mchungaji yule. Yuko Columbus, anakaa na mwanawe, ana kikundi cha maombi sebuleni. Jumamosi asubuhi niliendesha kutoka Louisville nikiwa nimejiandaa kumchukia. Sisemi uongo. Njiani nilipanga maneno ya kumwambia, mengine siwezi kuyaandika hapa.

Alinifungulia mlango mwenyewe. Mzee mfupi, sweta la kijivu, soksi ndani ya kandambili. Mkwewe akaleta chai ya tangawizi. Nilipomtaja Bibi uso wake uling'aa.

"Yule mama wa rozela! Yupo hai? Kikombe chake, binti yangu, sijakiona tena mahali pengine!"

"Ulimfungia meza," nilisema.

Akatabasamu kama mtu asiyeelewa mzaha. "Mimi?"

Nikamweleza. Mimba, masika, miezi mitatu. Alitikisa kichwa, akatazama juu, akajaribu kukumbuka. Niliona anajaribu kweli. Hakukumbuka. Nilikuwa nimetarajia akatae, au ajitetee, au alete andiko. Hilo la kusahau sikuwa nimelitarajia. Miaka ishirini na saba mtu anashuka ngazi, na aliyemshusha hana habari.

"Niliwafungia wengi," alisema hatimaye. "Wengine kwa pombe, wengine kwa ngoma, wengine kwa mabinti zao. Nilikuwa kijana, nilitaka wakubwa waone kanisa langu ni safi. Nilipohamishwa nilijua aliyenifuata angewafungua."

"Ulimwachia orodha?"

Aliweka kikombe chini.

"Sikumwachia," alisema. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Na wale wengine?" Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikitaja majina ambayo sikuyasikia. Alifika kidole cha saba akaacha. Akainuka akatafuta koti.

Mkwewe alisema barabara ina theluji, asubiri hadi wiki ijayo. Mjukuu wake, bila kuinua macho kwenye simu, akamwambia kwa Kiingereza kwamba hata viatu vya theluji hana. Mzee akasema atavaa vya mwanawe. Nililala pale kwenye kochi, na Jumapili kulipokucha tukaondoka.

Hakuongea hadi tulipolifikia lile ziwa kubwa lililo kabla ya Buffalo, theluji ikipiga kioo. Ndipo akauliza, "Mtoto yule alikuwa wewe?"

"Ndiyo."

"Mama yako alitubu?"

"Mama yangu alikufa."

Akageukia dirisha. Maneno niliyoyapanga yalikuwa bado kichwani, yote, lakini sikupata moja la kusema kwa mgongo wa mzee mwenye viatu vikubwa kuliko miguu yake.

Tulifika Kenmore saa tisa mchana. Bibi alikuwa ameinuliwa kwa mito, kilemba kipya kichwani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Mzee alisimama mlangoni kwanza, kisha akaenda akapiga magoti kando ya kitanda. Bibi alimtazama juu hadi chini.

"Mchungaji," alisema, "miezi mitatu yako ni mirefu."

Mama mdogo akaziba mdomo, sijui kwa kicheko au kilio. Mzee aliinamisha paji la uso kwenye blanketi. Alisema amekosa, hakumkosea yeye tu, amemkosea na Bwana aliyemwalika. Alisema anamfungua sasa hivi. Akanyoosha mkono, akamwekea kichwani.

Bibi akautoa ule mkono kichwani pake. "Hapana. Ulinifunga mbele ya watu. Nifungue mbele ya watu."

Basi mama mdogo akaanza kupiga simu, nami nikaingia jikoni, kwa sababu mkate haukuwepo. Ule wa pakiti Bibi asingeutambua. Nilichekecha, nikanawa, nikakanda. Mikono yangu ilijua, lakini macho hayakuona vizuri. Nikawaza ni watu gani hao watakaokuja. Kambi ilifungwa, wanasema pale sasa ni kichaka tena. Kanisa la matofali ya udongo halipo, wala benchi zilizokaliwa na waliomwona akifungiwa. Wengine walirudi Burundi, wengine wamekufa, wengine wako kwenye mashine za viwanda katika miji ambayo siwezi kuitamka. Rozela haichemshwi. Hata neno kufungiwa, watoto wetu hawalijui, na kwa hilo nashukuru. Lakini pamoja na ubaya huo vilipotea vingine: mtu anayeamini kwamba kipande cha mkate kisicho na ladha kina uzito wa kukingojea miaka ishirini na saba. Mimi nakila kila mwezi. Nilikuwa nimekwisha kukizoea.

Nikauunguza upande mmoja.

Walikuja watu kumi na mmoja wakiwa na theluji mabegani. Wawili walikuwepo kambini siku ile. Mmoja, mama wa makamo, alisema anakumbuka hata gauni alilovaa Bibi. Mama shemasi alikuwa kwenye simu kutoka Louisville, tukaisimamisha kwenye kopo la sukari, sauti yake ikijaza chumba: "Musogeze kidogo! Donc, ninaona ukuta tu! Mama, uko namna gani?"

"Nyamaza wewe, tuko kanisani," Bibi alimwambia.

Mzee alisimama. Alieleza alichofanya, bila kujificha, akiwaambia hata kwamba alisahau. Kisha, kwa kuwa ndiyo desturi na hakujua njia nyingine, akauliza, "Mama, unatubu?"

Bibi alifumba macho, nikadhani amelala.

"Natubu hasira," alisema. "Nilikuchukia miaka kama sita hivi, halafu nikachoka. Natubu ulimi wangu kwa binti yangu huyu anayenipikia uji. Natubu na yale ninayoyajua mimi na Mungu." Akaninyooshea kidole. "Huyu sitamtubu. Ukisema ni lazima, rudi Columbus."

Nikashika chuma cha kitanda. Kwenye kopo la sukari sauti ikasema, "Amesema vizuri!"

"Si lazima," mzee alisema. "Haikuwa lazima hata siku ile."

Akachukua mkate wangu uliogeuka mweusi upande mmoja, akashukuru, akauvunja. Alisema maneno yanayosemwa, mwili uliovunjwa kwa ajili yako. Akamtilia Bibi kipande mdomoni. Bibi hakutafuna. Alikaa nacho, taya limetulia, machozi yakishuka pembeni kuelekea masikioni. Mama mdogo akamletea kikombe na kijiko, akampa matone mawili, matatu. Akameza. Tuliona koo likishuka.

Kwetu kila mtu hupewa kipande kimoja. Hakuna anayeomba cha pili. Hata mtoto anajua. Mzee alikuwa tayari amegeuka na sahani kumpelekea anayefuata. Bibi akamshika mkono wa sweta.

"Kingine," alisema.

Mzee alitutazama sisi, akatazama sahani. Akavunja kingine, akampa.